Je, mtoto wako yumo kwenye hesabu? Orodha zihesabiwe zinapotoka na zinapofika





Kila mwezi sisi wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao wengi wenu bado mnatuita "relais" kama kule Kongo, tunapita nyumba kwa nyumba. Tunauliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani ana homa, nani hajamaliza chanjo. Tunamfunga mtoto utepe kwenye mkono na kuandika kipimo chake. Kisha tunaaga na kwenda nyumba inayofuata. Akina mama wengi hutuuliza: "Hayo mnayoandika kila siku huwa yanakwenda wapi?"

Hilo ni swali la haki, na leo nataka kulijibu. Baada ya kulijibu nitatoa maoni yangu, na wewe msomaji utapima kama yana maana au hayana.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya: kila orodha inayohama kutoka daftari kwenda kompyuta, au kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, ihesabiwe inapotoka na ihesabiwe tena inapofika. Jumla hiyo ibandikwe kwenye ubao wa zahanati ili sisi wakazi tuione. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari tunalo. Kinachotukosesha ni kuhesabu pale daftari linapohama.

SAFARI YA JINA LA MTOTO WAKO

Jina linaanzia kwenye daftari la mhudumu wa mtaa wako. Mwisho wa wiki daftari linapelekwa zahanati, na karani analiingiza kwenye kompyuta. Programu inayotumika mara nyingi ni Excel, au nyingine inayofanana nayo kama LibreOffice. Hiyo ni karatasi kubwa ya mistari na safu ndani ya kompyuta. Kila mtu ana mstari wake, na kila jambo lina safu yake: jina, namba ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, nyumba, chanjo, kipimo cha mkono.

Kutoka zahanati faili linakwenda ofisi ya shirika, kwa flashi au kwa barua pepe. Pale linaunganishwa na mafaili ya zahanati nyingine. Kutoka hapo linakwenda mji mkuu, na pengine nje ya nchi, kwa wale wanaoamua ni katoni ngapi za dawa na dozi ngapi za chanjo zije kwetu.

Njiani faili hilo linafunguliwa na kompyuta za aina nyingi. Moja ni ya zamani yenye Windows. Nyingine ni Mac. Nyingine ina Linux. Moja imepangwa kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiingereza. Kompyuta hizi ni kama watu wa makabila tofauti wanaozungumza Kiswahili kimoja. Wanaelewana vizuri, lakini yapo maneno machache ambayo kwa huyu yana maana moja na kwa yule yana maana nyingine. Orodha ikiwa fupi, mtu anaona kosa kwa macho yake. Orodha ikiwa na maelfu ya mistari, hakuna jicho linaloweza kuipitia yote. Hapo ndipo watu wanapopotea.

UKURASA WA KOMPYUTA NAO UNA MWISHO

Wengi wetu tunaamini kwamba kompyuta haijai. Si kweli. Excel zilizotoka kabla ya mwaka 2007 zilikuwa na mistari 65,536 kwa kila ukurasa, basi. Kuanzia Excel ya 2007 mistari iliongezwa ikafika 1,048,576. LibreOffice nayo ina mistari kiasi hicho hicho. Lakini faili la aina ya zamani, lile ambalo jina lake linaishia na ".xls", linabaki na mpaka wake wa zamani hata ukilifungua kwenye kompyuta mpya. Lile la aina mpya linaishia na ".xlsx".

Utasema, mistari 65,536 ni mingi, itatutosha. Hebu tufanye hesabu. Chukua kambi ya watu 40,000. Kila mtu akiwa na mstari mmoja, wote wanaenea. Lakini orodha ya zahanati si orodha ya watu, ni orodha ya mahudhurio. Kila mtu akifika zahanati mara 2 tu kwa mwaka, hiyo ni mistari 80,000. Zaidi ya 14,000 haina mahali pa kukaa.

Usidhani haya ni matatizo ya sisi wakimbizi tu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, jambo hili liliikuta Uingereza, nchi tajiri yenye wataalamu wengi. Majibu ya vipimo yalitoka maabara yakaingizwa kwenye mafaili ya Excel ya aina ya zamani, yale ya ".xls". Mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja lilijaa baada ya wagonjwa kama 1,400. Waliozidi waliachwa nje. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu ya kila siku. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao. Lakini timu ya kuwafuata watu waliokaa nao karibu haikupata majina kwa wakati, na wale watu wakaendelea na shughuli zao bila kujua kwamba wamekaribiana na mgonjwa.

Tazama vizuri ni nini kilichokosekana pale. Mashine zilikuwapo, na wasomi walikuwapo. Kama jumla iliyotoka maabara ingewekwa kila siku kando ya jumla iliyofika, pengo lingeonekana siku ya kwanza.

NANI ANAYEKATWA?

Hapa naomba msomaji uwe makini, maana kwangu mimi hili ndilo zito kuliko yote.

Orodha ikijaa inakatwa chini. Na chini ya orodha ndipo wanapoandikwa waliofika mwisho. Kwetu sisi waliofika mwisho ni ndugu zetu waliovuka mpaka juzi, waliolala porini, ambao watoto wao hawajawahi kuona sindano ya surua. Kwa hiyo kompyuta ikikata, haikati ovyo ovyo. Inakata wale wenye shida kuliko wote.

Chukua mfano. Tuseme kambi ina watoto 1,000 wanaostahili chanjo ya surua, na waliochanjwa ni 860. Hiyo ni asilimia 86. Surua ni ugonjwa unaoambukiza kwa kasi sana, na wataalamu wanataka angalau asilimia 95 ya watoto wawe wamekingwa ndipo usiweze kusambaa. Kwa hiyo bado tuna kazi. Sasa tuseme faili limekatwa chini na watoto 95 wametoka, wote wageni ambao hawajachanjwa. Orodha imebaki na 905. Gawanya 860 kwa 905: unapata asilimia 95.

Ofisi inafurahi, lengo limefikiwa. Kampeni ya chanjo inasogezwa kwenda kambi nyingine. Na wale watoto 95 wapo, wanacheza na wako, wanakunywa maji bomba moja na wako. Hakuna aliyesema uongo. Karatasi ndiyo iliyosema, kwa sababu hakuna aliyeihesabu.

Orodha ikiwa na watu wasiokuwepo ni shida vilevile. Mwaka 2018 Uganda iliwahakiki wakimbizi wake kwa alama za vidole. Kabla ya zoezi ilisemekana wapo zaidi ya milioni 1.4. Zoezi lilipokwisha, waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Majina yakizidi, kiwango cha chanjo kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Majina yakipungua, kinaonekana kikubwa. Pande zote mbili anayeumia ni mgonjwa.

NAMBA YA KADI SI NAMBA YA KUJUMLISHA

Shida ya pili haikati watu, inawabadilisha. Excel imetengenezwa kwa ajili ya hesabu, hivyo ikiona tarakimu inafikiri ni za kujumlishwa. Ukiandika namba ya kadi 00457, inabakiza 457, kwa sababu katika hesabu sifuri za mbele hazina thamani. Kesho mama akija na kadi yake ya 00457, karani anatafuta na hampati. Namba ya simu inayoanza na sifuri nayo inapoteza sifuri yake. Na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inageuzwa sifuri kuanzia ya 16, hivyo watu wawili wanaweza kuonekana mtu mmoja.

Nyumba zetu nazo zina shida hiyo. Nyumba ya 4 katika bloku ya 3 tukiiandika 3-4, Excel inadhani ni tarehe. Kwa kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa inakuwa tarehe 3 Aprili. Kwa ile iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani inakuwa tarehe 4 Machi. Mhudumu anayetumwa kumfuata mgonjwa aliyeacha dawa za kifua kikuu anapewa tarehe badala ya nyumba.

Hata wanasayansi wakubwa wamesumbuliwa na jambo hili. Wanaochunguza chembe za urithi walikuwa na majina kama MARCH1 na SEPT1, na Excel ikawa inayageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilieleza kwamba imeyabadilisha. MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mwaka 2023 Microsoft nao waliongeza mahali pa kuizuia Excel isibadilishe mambo yenyewe. Lakini hiyo ni kwa programu mpya, na kompyuta nyingi zinazohudumia watu kama sisi si mpya.

Dawa yake ni rahisi. Safu ya kadi, ya simu na ya nyumba ipangwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Na nyumba tuandike "B3 N4" badala ya 3-4.

KOMA NA NUKTA

Sisi tuliosoma Kongo na Burundi tulifundishwa kuandika 11,4 kwa koma. Waliosoma kwa Kiingereza wanaandika 11.4 kwa nukta. Kwa macho ya mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili.

Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza ikikuta 11,4 inaweza kuiona ni neno na si namba, na ukiiambia ihesabu vipimo vyote vilivyo chini ya 11.5 inairuka. Na faili likitumwa kama maandishi matupu, yale yanayotenganisha safu kwa koma, 11 inaingia safu moja na 4 inaingia safu ya pili. Kila kitu kinachofuata kwenye mstari ule kinasogea hatua moja. Ndiyo maana kompyuta za Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na za Kiingereza kwa koma.

Sasa kumbuka 11.4 ni kitu gani. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Anahitaji chakula cha tiba, ile pakiti ya karanga, na anakihitaji sasa. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Kwa hiyo koma ile haijaruka namba tu. Imemruka mtoto ambaye katoni zinaagizwa kwa ajili yake.

Hapa sisi wahudumu tunayo dawa mkononi. Utepe una milimita. Tuandike 114, tusiandike 11,4 wala 11.4. Bila koma na bila nukta hakuna cha kukosea.

TAREHE INAYOSOGEA MIAKA 4

Tarehe 5/3/2019 ni ya Machi kwetu, lakini kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani ni tarehe 3 Mei. Mtoto anayetakiwa kupata chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anasogezwa miezi miwili kwa mara moja.

Lipo na jambo geni zaidi. Ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku tangu siku fulani ya mwanzo. Windows ilianza kuhesabu kutoka mwaka 1900. Excel ya kompyuta za Mac za zamani ilianza kutoka 1904. Mac za sasa zinafuata 1900 kama Windows, lakini mafaili yaliyoanzishwa zamani bado yana hesabu yao ya zamani. Mtu akinakili tarehe kutoka faili la namna moja na kuzibandika kwenye la namna nyingine, zinasogea siku 1,462, yaani miaka 4 na siku moja. Mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Machi 2016 anaweza kuonekana amezaliwa tarehe 9 Machi 2012. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya, orodha ingesema amepita miaka 5. Mpango wa lishe wa watoto wadogo usingemhusu tena.

Dawa: mwezi uandikwe kwa jina. "10 Machi 2016" haina maana mbili kwa mtu yeyote. Na kando ya tarehe tuandike umri kama mama alivyoutaja. Umri na tarehe vikigombana, ujue kuna kosa mahali.

MAJINA, NA KUPANGA KWA ALFABETI

Akina Béatrice na akina Noël mnaweza kuwa mmeona jina lenu limechapishwa na alama za ajabu katikati. Kompyuta moja huandika herufi zenye alama kwa njia moja, nyingine husoma kwa njia nyingine. Kucheka tunacheka, lakini karani akitafuta Béatrice hamwoni, basi anamwandika upya. Mtu mmoja amekuwa wawili. Mmoja ana chanjo zote, mwingine hana hata moja.

Na kosa la hatari kuliko yote halihitaji kompyuta mbili. Karani anataka majina yafuate alfabeti. Anachagua safu ya majina peke yake na kuipanga. Majina yanahama, lakini chanjo, vipimo na majibu ya damu yanabaki pale pale. Jumla haibadiliki hata kidogo, bali kila mtu sasa amevaa nguo za mwenzake. Ndiyo maana kuhesabu peke yake hakutoshi. Lazima pia tuchukue watu 10 hivi, juu, katikati na chini ya orodha, tuwalinganishe na daftari.

"TURUDI KWENYE DAFTARI TU?"

Najua kuna wazee watakaosema: basi tuachane na kompyuta. Nawaheshimu, lakini sikubali. Daftari linalowa mvua, linaliwa na mchwa, linaungua na nyumba. Na daftari haliwezi kukuambia kwa dakika moja ni watoto gani wamefikisha miezi 9 na hawajapata surua. Kompyuta inaweza. Tatizo si chombo, ni kukiamini bila kukikagua.

Wengine watasema Excel ni ndogo kwa kazi hii, tutumie mifumo mikubwa iliyotengenezwa kwa takwimu za afya. Hapo nakubali. Upo mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na nchi nyingi zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zinautumia kwa takwimu za afya. Mfumo wa namna hiyo unaweza kukataa tarehe isiyowezekana na namba ya kadi isiyokamilika. Lakini hata huko takwimu zinaingia kutoka daftari letu, na zikitolewa ili zichambuliwe mara nyingi zinarudi kwenye Excel. Mlango ni ule ule.

Na wapo watakaosema: "Haya ni ya ofisi, mkimbizi yanamhusu nini?" Ndugu yangu, damu iliyopimwa ni yako. Mkono uliofungwa utepe ni wa mwanao. Dawa zikipungua, foleni unapanga wewe.

Hofu moja naikubali kabisa, nayo ni ya siri. Wengi tulikimbia watu waliokuwa na orodha za majina. Kwa hiyo nasema wazi: kwenye ubao isiandikwe hata mara moja jina la mtu, wala ugonjwa wa mtu. Ziandikwe jumla tu. "Mtaa wa 5: watoto walioandikwa 212, waliofika ofisini 212." Na ikiwa mtaa una wagonjwa wachache sana wa ugonjwa fulani kiasi cha kuweza kutambulika, ugonjwa ule usiandikwe kwa mtaa, uandikwe kwa kambi nzima.

TUFANYE NINI?

Sisi wahudumu wa kujitolea:
1. Chini ya kila ukurasa wa daftari tuandike idadi ya majina, na mwisho wa wiki tuandike jumla kuu pamoja na saini.
2. Tuandike mwezi kwa jina, mkono kwa milimita, nyumba kwa herufi na namba.
3. Wageni waliofika karibuni tuwahesabu peke yao pia, ili wakikatwa tujue siku hiyo hiyo.

Ofisi na makarani:
1. Faili la kwanza lihifadhiwe bila kuguswa. Kazi ifanyike kwenye nakala.
2. Kila faili linalotumwa liende na karatasi ndogo: mistari mingapi, jina la kwanza, jina la mwisho, jumla ya watoto chini ya miaka 5. Anayepokea ahesabu na kujibu. Jibu lisipokuja, kazi haijaisha.
3. Kompyuta ikitoa onyo kwamba faili halikufunguka lote, mtu asihifadhi juu yake. Akihifadhi, yale yaliyobaki nje yamekwenda.
4. Faili lenye majina liwe na neno la siri, na flashi isizunguke mikononi mwa watu.
5. Jumla ya kila mtaa ibandikwe kwenye ubao kila mwezi.

Wewe mkazi:
1. Tunza kadi ya kliniki ya mtoto kama unavyotunza kadi ya mgao. Kompyuta ikikosea, kadi ndiyo shahidi wako.
2. Ukienda zahanati, muombe karani akusomee kilichoandikwa: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Hiyo si kiburi, ni haki yako.
3. Akizaliwa mtoto, akifariki mtu, au mkihama bloku, mwambie mhudumu wa mtaa wako wiki hiyo hiyo. Aliyehama na kubaki kwenye orodha mbili anaharibu hesabu ya wote.
4. Ukiona ubao unasema mtaa wako una watoto pungufu kuliko mnaowajua, njoo uulize.

Mtu anaweza kusema kuhesabu kunachukua muda. Kuhesabu ukurasa mmoja wa daftari ni dakika moja. Kutafuta watoto 95 waliopotea kwenye orodha baada ya surua kuingia ni kazi ya wiki nyingi, na wengine unaweza kuwakuta wodini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatuhitaji mradi mpya wala kompyuta mpya ili kuanza. Tunahitaji kalamu, ubao, na ofisi inayokubali kuulizwa. Wenyeviti wa mitaa, naomba jambo hili mliweke kwenye kikao chenu kijacho na watu wa afya. Akina mama, mkija kliniki mje na kadi na mje na swali: "Mwanangu amefika?"

Tukutane kwenye ubao wa zahanati.